Mbabula Hii Ilianguka

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, komini ya Katuba, Lubumbashi

Jambo kwenu, wadogo zangu. Jambo kwenu ba papa na ba mama mlioacha soko na mashamba siku ya Jumamosi kuja kuketi na watoto wenu wanaomaliza masomo. Nimeombwa nizungumze juu ya kazi yangu, kazi ya ushauri katika mambo ya nishati na sera ya mazingira. Walioandaa mkutano walinipigia simu kuuliza kama nitahitaji projekta. Nikasema hapana, nitakuja na kitu changu.

Ndicho hiki hapa juu ya meza. Mbabula, jiko letu la makala, yaani makaa. Hakuna mtu humu ndani asiyeijua, kwa sababu hata wenye waya wa SNEL, shirika la umeme la taifa, nyumbani wanayo moja nyuma ya mlango wa jikoni. Lakini hii si ile ya fundi wa komini ya Kenya, hapa mjini, anayekata bati la pipa. Walio mbele watazame ndani. Imefunikwa udongo wa mfinyanzi uliochomwa, matundu yake yamehesabiwa, na chini ina kimlango cha kupunguza hewa. Ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kulipwa baada ya kutoka politeknike. Mradi mmoja uliniajiri nipime kama inaokoa makala.

Tukapima. Lita tano za maji, mizani, saa, kipimajoto. Tunapima makala kabla, tunachemsha, tunapima yaliyobaki. Tulirudia mpaka namba zikatulia, na namba zilikuwa nzuri sana. Nikaandika ripoti ambayo mpaka leo mama yangu ameihifadhi kwenye sanduku la nguo. Mbabula zikagawanywa katika kartie mbili.

Baada ya miezi miwili nikarudi kuwasalimu akina mama. Nyumba ya kwanza, kuku alikuwa ametaga ndani yake. Nyumba ya pili waliniambia iko kwa shemeji. Nyumba ya tatu mama wa nyumba akanitazama, akasema: "Dada, ile mbabula yenu inaangukaka. Kuya usonge bukari weye mwenyewe." Akanipa kiti kidogo. Akaweka sufuria ya watu tisa, maji yakachemka, akamwaga unga, akanikabidhi mwiko.

Waliowahi kusonga bukari, ugali wetu, ya watu tisa wanajua kinachofuata. Unga ukianza kukaza, mkono peke yake hautoshi. Unasukuma kwa bega na mgongo, na miguu inabana mbabula isitembee. Yetu ilikuwa ndefu, miguu yake myembamba, na tumbo lake ni moto huwezi kulibana. Ikaanguka. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa ameketi hatua moja pembeni. Uji wa moto ulipita karibu na kidole chake cha mguu, ukaishia mchangani. Mama yule hakunigombeza. Aliinama, akaokota mwiko, akasema tu: "Umeona?"

Sikulala usiku ule. Nilichukua ripoti yangu nikaisoma toka mwanzo hadi mwisho nikitafuta kosa, na hesabu zote zilikuwa sahihi. Tulikuwa tumepima maji yanayochemka. Maji hayasongwi. Katika karatasi iliyotupa kazi hapakuwa na neno bukari, na sisi tuliokula bukari kila siku ya maisha yetu hatukuona kwamba limekosekana.

Wadogo zangu, ninataka mniletee masikio hapa. Mshauri ni mtu anayeitwa wakati mkubwa fulani, awe wizara, jimbo, mgodi, hospitali au parokia, anapotakiwa kuamua jambo la umeme, la maji, la msitu au la ardhi, na hana muda au ujuzi wa kulichunguza. Anaandika karatasi inayoitwa hadidu za rejea: chunguza hili, kwa siku kadhaa, utuletee hiki. Wewe unajibu kwa mbinu na bei. Ukishinda, unaenda uwanjani, unapima, unauliza, unasoma sheria, unapiga hesabu, unaandika, unarekebishwa, unaandika tena. Shuleni mlifundishwa kujibu swali vizuri. Kazi hii inakudai kwanza umjue aliyeliuliza, na nani ameachwa nje yake.

Niwape mfano mkubwa kuliko mbabula. Mnajua umeme wa mabwawa ya Inga, kwenye mto Kongo kule magharibi, unavyofika Katanga. Inga ya kwanza ilianza mwaka 1972, ya pili 1982, na mwaka huohuo 1982 ndipo ilipoanza kazi ile laini ndefu ya kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi. Wakati ule ilikuwa miongoni mwa laini ndefu kuliko zote duniani. Wahandisi walichagua mkondo mnyoofu, ule ambao haubadiliki mwelekeo, kwa sababu kwa umbali wa namna hiyo unapoteza umeme kidogo na unagharimu nyaya chache. Kihandisi walifanya vizuri. Lakini mkondo wa namna ile unahitaji kituo kikubwa sana cha kuugeuza kila mahali unapotaka kuushusha, na vituo vilijengwa viwili tu: kimoja mwanzo, kimoja mwisho. Huwezi kuweka transfoma ndogo katikati ukawashia kijiji taa.

Nilifika mara moja kijiji kimoja si mbali na Kolwezi, nguzo zimesimama juu ya mihogo. Mzee wa kijiji akanionyesha zile nyaya kwa fimbo yake, akaniuliza: "Binti yangu, ile inaenda kwa nani?" Nikamweleza habari ya mkondo mnyoofu kwa Kiswahili kama nilivyoweza. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kumbe walijua toka mwanzo kwamba sisi hatumo."

Ndiyo, papa. Swali lililoandikwa lilikuwa: umeme utafikaje migodini? Likajibiwa. Swali la wanaoishi chini ya waya halikuandikwa popote, kwa hiyo hakuna aliyelikosea. Zaidi ya miaka arobaini imepita na jibu lile bado limesimama pale, chuma juu ya mihogo, na hata sisi ambao leo tunataka kulirekebisha tunakuta gharama yake ni ya kutisha. Uamuzi wa nishati unaishi kuliko walioufanya. Mwadingusha, bwawa la umeme juu ya mto Lufira, ilianza mwaka 1930, ikafuata Koni. Nzilo ya mwaka 1952 na Nseke ya 1956 ziko juu ya Lualaba. Zote zilijengwa kwa ajili ya shaba, na zote bado zinatulisha sisi na migodi pamoja. Tunapokaa gizani siku ya delestaje, mgao wa umeme, tunakaa ndani ya maamuzi yaliyoandikwa kabla wazazi wetu hawajaoana.

Na giza hilo lina bei msituni. Ba mama mtanisahihisha nikikosea: umeme ukija saa nane za usiku na kuondoka alfajiri, nani atategemea jiko la umeme kupikia watoto? Ndiyo maana mwenye waya na asiye na waya wote wananunua makala. Gunia linatoka njia ya Kasenga, ya Likasi, ya Kipushi, juu ya baiskeli ya kijana anayesukuma toka usiku. Kila mwaka anatoka mbali zaidi. Tanuru la udongo wanalotumia wachoma makala linakula mti mwingi: kilo tano, sita, mara nyingi zaidi, za mbao kwa kilo moja ya makala, na likijengwa vibaya ni hasara tupu. Miti wanayoipenda ni ile migumu, mutondo na ndugu zake. Sasa mutondo ndio unaolisha wale vishimu, viwavi wa kuliwa, tunaonunua sokoni msimu ukifika. Unakata mti mmoja, unapoteza nishati ya kesho, kitoweo, na kivuli cha uyoga kwa mara moja. Habari njema ni kwamba miti ya miombo huchipua tena kutoka kwenye kisiki, ikiachwa bila moto na bila jembe kwa muda wa kutosha. Msitu huu haujafa. Unaomba kupumzishwa, na mtu wa kupanga mapumziko hayo, kijiji kwa kijiji, awamu kwa awamu, pamoja na wachoma makala wenyewe, ni kazi halali kabisa ya mmoja wenu humu.

Ninasema pamoja na wachoma makala kwa sababu nimeona sera zinazoandikwa kana kwamba wao ni wezi. Wale ni vijana wa rika lenu waliokosa kazi nyingine. Ukiandika marufuku bila kuwauliza watakula nini, makala yatazidi kuja, yatakuja usiku, na bei itapanda kwa kila kizuizi barabarani. Anayeilipa ni mama yule wa sufuria ya watu tisa.

Sasa nifike mahali ambapo si rahisi kwangu kusema.

Mwaka wangu wa tatu nilifanya kazi katika tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi mmoja wa madini. Jina silitaji. Hadidu zilisema tupime ubora wa maji ndani ya eneo la kibali. Kijiji kilikuwa nje ya uzio, karibu kiasi kwamba ukirusha jiwe linafika, na kina visima vitatu. Nilikuwa na chupa mbili za ziada. Nikachota maji ya visima viwili, nikayapeleka maabara pamoja na mengine. Kisima kimoja kikarudi na metali juu ya kiwango. Nikaandika aya moja katika rasimu.

Mteja akajibu kwa adabu kabisa: aya hii iko nje ya hadidu za rejea, tafadhali iondolewe. Na ilikuwa kweli, iko nje. Nilikuwa na deni la kodi ya nyumba miezi minne. Nikaifuta. Ripoti ikapita.

Mwaka mmoja baadaye nilipita tena njia ile kwa kazi nyingine. Akina mama walikuwa bado wanachota kwenye kisima kile, ndoo za manjano zimepangwa mstari. Nikasimamisha gari, nikaenda kwa mke wa chifu, nikamwambia ukweli. Aliniuliza nilijua lini. Nikamwambia. Akanyamaza muda mrefu, akaita watoto, akawatuma wakaseme kisima kifungwe.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa wakaaji wa Katanga, wakubwa kwa watoto. Wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia, ndani ya kilomita tatu, walikuwa na kobalti na metali nyingine kwa kiasi kikubwa kuliko walio mbali. Watafiti wale walikuwa na swali lililoanzia kwenye mwili wa mtu, wala hawakuishia kwenye uzio. Mimi nilikuwa nimeusoma utafiti ule kabla sijafuta aya yangu. Ninawaambia ili mjue kwamba elimu haikukosekana. Kilichokosekana ni kuweka visima ndani ya mkataba siku ile ambapo bado nilikuwa na nguvu ya kusema.

Maana siku hiyo ni moja tu: kabla ya kutia sahihi. Ukishatia sahihi, kila unachokiona nje ya karatasi ni hisani yako. Kabla ya sahihi, unaweza kumwambia mteja kwa heshima: hadidu hizi zinakosa visima vya kijiji, zinakosa njia ya vumbi la magari, zinakosa wanawake, tukiyaacha leo yatarudi kama mgogoro baada ya miaka miwili na utalipa zaidi. Wengi wanakubali, ninyi msiwaogope. Mteja mwerevu anataka kujua. Asiyekubali, nimemwacha mara mbili katika maisha yangu, na mara zote mbili nyumbani tulikula sombe bila samaki kwa miezi. Watoto wangu wanajua kwa nini.

Na mnayo sheria upande wenu, someni. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya kanuni za msingi za kulinda mazingira inataka tathmini kabla ya mradi, na inataka wananchi waulizwe hadharani. Inataka pia sera, mipango na programu zenyewe zitathminiwe, siyo mgodi na bwawa peke yake. Kifungu hicho kinatumika kidogo mno, na vijana wa sheria walio humu wangekijenga kazi nzima juu yake. Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 iliondoa ukiritimba: leo kampuni, jimbo hata ushirika unaweza kuingia katika kuzalisha na kugawa umeme. Goma wamekwisha kuona umeme wa maji wa Matebe, mto Rutshuru, na umeme wa jua ulioanza mwaka 2020 kule Ndosho. Sisi tunaojiita mji wa shaba, shaba ambayo ndiyo waya wenyewe, tunasubiri nini?

Kisha Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018. Asilimia 15 ya ushuru wa madini inapaswa kwenda kwa komini, sekta au usultani ambamo mgodi upo. Tena kampuni inatenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Hizo ni fedha. Swali ni nani anakaa na chifu na akina mama kuandika zitafanya nini. Nimeona nguzo za taa za jua zilizosimamishwa kwa sherehe na ngoma, zikazimika kabla ya mwaka kwa sababu hakuna aliyeandika nani atanunua betri. Mahali pengine walikaa wiki mbili, wakahesabu kila kitu: friji ya chanjo ambayo lazima ibaki kati ya nyuzi 2 na 8, taa ya chumba cha kuzalia, kinu cha kusagia mahindi, simu. Wakaamua bei ya kuchaji simu ilipie betri. Zahanati ile ina taa hata leo.

Mtaniuliza kuhusu masomo. Nitasema kwa ufupi, kwa sababu hapo mnajua kuliko mnavyodhani. Uhandisi unafaa, agronomia inafaa, sheria inafaa, uchumi unafaa. Hakuna mmoja anayefanya kazi hii peke yake. Jifunzeni jedwali za kompyuta mpaka zikae mkononi, jifunzeni kusoma ramani. Kifaransa mnacho, Kiingereza kitafuteni kwa sababu hadidu nyingi zinakuja kwa lugha hiyo. Lakini msidharau Kiswahili na Kibemba na Kilamba. Nimeketi katika mikutano ya kuuliza wananchi ambapo kila kitu kilisemwa kwa Kifaransa, wazee wakapiga makofi mwishoni, na ikaandikwa kwamba jamii imekubali. Katika mikataba yangu ninaandika wazi: muhtasari utasomwa kwa lugha ya kijiji, na maswali yataandikwa kama yalivyoulizwa.

Fedha inakuja kwa awamu, na awamu ya mwisho huchelewa. Mwaka wa kwanza fanyeni chini ya mtu mwenye uzoefu, hata kwa malipo madogo, ili mjue ripoti mbaya inanuka vipi.

Kazi ipo. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, inayoingia kwenye betri za magari ya watu wa mbali, na kati ya kila watu watano wa nchi hii mmoja tu ndiye anayepata umeme. Katika ahadi ya tabianchi iliyopitiwa mwaka 2021, Kongo ilisema itapunguza hewa chafu kwa asilimia 21 ifikapo 2030: asilimia 2 kwa uwezo wake, 19 kwa msaada wa nje. Zile 19 haziji kwa hotuba. Zinakuja kwa miradi iliyoandikwa, iliyopimwa, yenye namba ambazo mtu anaweza kurudi kuzikagua. Kila mwaka ninaona wageni wanaletwa kwa ndege kuandika habari za miombo, watu wazuri, wengine ni rafiki zangu, na swali lao la kwanza uwanjani ni: makala mnayauza kwa gunia au kwa kilo? Ninyi mnalijua jibu tangu mkiwa na miaka sita, mlipotumwa dukani.

Mbabula hii ninaiacha hapa kwenu. Zilizofuata tulizifupisha, tukapanua miguu, tukaweka vishikio vitatu vya kubana sufuria. Waliotuchorea marekebisho ni mama yule na majirani zake wawili, na walilipwa kama washauri wengine. Hiyo mnayoiona ni ya kwanza, ile iliyoanguka. Ufa wa udongo upande huu ni wa siku hiyo.

Jumamosi ijayo tunaanza kupima makala katika nyumba kumi na mbili za komini hii, siku saba mfululizo, asubuhi na jioni, na mwenye nyumba ndiye atakayetuambia anataka tupime nini zaidi. Nina mizani mitano. Ninahitaji watu kumi wenye daftari na viatu vya kutembea. Tunakutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hapa nje, chini ya mwembe. Anayetaka aandike jina lake kwa yule dada mwenye kitambaa cha kijani kabla hajatoka.

Aksanti.